Ukoo Unaopokea Wageni

Aliyenifundisha Kihispania alikuwa mwanamke wa Muleba ambaye hakuwahi kuvuka mto Kagera wala kupanda meli ya Mwanza. Nikiwaambia watu hivyo huniangalia kwa huruma, wakidhani uzee umeanza kunichezea. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Miaka ile baada ya uhuru, kabla sijapelekwa Kuba kusomea uuguzi, nilikaa kwenye benchi mbele yake kila alasiri, na mpaka leo nikihesabu kwa Kihispania naisikia sauti yake, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kihaya isiyojificha. Tulimwita Mwalimu. Sikuwahi kumtaja kwa jina, na sitaanza sasa akiwa hayupo wa kunikemea.

Alizaliwa wapi na nani alimzaa, hayo waulizwe ndugu zake. Wanayapenda mno mambo hayo. Mimi nitasema niliyoyaona, na mengine aliyoniambia mwenyewe.

Kihispania alikipata kando ya kitanda cha mgonjwa. Ujanani aliingia utawani, na huko akapewa kazi ya kumtunza sista mmoja mzee, Mhispania, ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoka. Yule sista aliwahi kukijua Kiswahili vizuri, na Kihaya cha kuombea chumvi, lakini uzee ulimvua lugha moja baada ya nyingine hadi ikabaki ile ya kwao. Akawa analia, na hakuna aliyejua kama anataka uji au anataka kugeuzwa ubavu. Masista wengine wa kwao walikuwa wamehamishwa. Ndipo Mwalimu akachukua kitabu kikuukuu cha sarufi kutoka kabatini, akaanza kujifunza. Kwa hiyo hakuanza na salamu kama watu wote. Alianza na kula, kunywa, kulala na kuumwa. Neno la kwanza kulijua lilikuwa toma, yaani pokea, na alilisema akiwa ameshika kijiko.

"Alinitazama," alituambia, "akafungua kinywa. Siku hiyo alikula sahani nzima."

Alimtunza hivyo mpaka sista alipofariki. Baada ya muda Mwalimu naye akatoka utawani. Kwa nini alitoka, hakusema. Nilimuuliza mara moja, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, nami nikawa na adabu ya kutosha nisirudie.

Hapo ndipo shida yake ilipoanza, na shida hiyo ilimfuata hadi mwisho. Alirudi Muleba kwa kaka yake. Kwetu Uhayani siku zile mtoto wa kike hakuwa na kibanja. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati na makaburi ya wazee uani, na kilikuwa mali ya ukoo, nao ukoo ulikuwa wanaume. Mwanamke alikuwa na mahali kwa mumewe. Asiye na mume aliishi kwa hisani ya kaka, na kaka akifa, kwa hisani ya watoto wa kaka. Mwalimu alipewa chumba nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Hakuwahi kulalamika mbele yetu, ila siku moja alisema kitu ambacho sikukisahau. "Kulala kwa watu ukiwa hai si neno," alisema. "Kulala kwa watu ukiwa umekufa, hilo linanitisha."

Mtu asiyetujua aelewe jambo moja kuhusu kahawa, maana bila hilo hataelewa mwisho wa habari hii. Mhaya akikupokea nyumbani kwake hukupa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Hukaa kwenye kikapu kidogo. Mwenye nyumba ndiye anayetoa, na anayepokea ni mgeni. Kukataa ni tusi, hata kama huna meno. Na hakuna anayegawa kahawa katika nyumba isiyo yake, kama ambavyo huwezi kumkaribisha mtu kwenye kiti cha jirani.

Kwa kaka yake Mwalimu hakugusa kile kikapu kamwe. Wageni wakija aliketi mkekani na wanawake wengine, akasubiri wifi yake alete.

Darasa letu lilikuwa Miembeni, mjini Bukoba, chumba cha nyuma cha duka la nguo la familia moja ya Wahindi. Afisa mmoja wa mkoa alikuwa amesikia kwamba vijana wachache watapata nafasi za kusoma Kuba, na akasikia pia kwamba kuna mwanamke Muleba anayejua lugha ya huko. Wakamleta. Alipangishiwa chumba Hamugembe, na Jumamosi alipanda basi kurudi kwao. Tulisoma huku cherehani ya fundi ikilia upande wa pili wa ukuta. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, na nyakati nyingine alisimama mlangoni akirudia maneno pamoja nasi, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

Siku ya kwanza Mwalimu alifungua kipande cha jani kavu la mgomba, ndani kukiwa na kahawa, akakiweka katikati ya meza. Mimi, nilivyolelewa, nikanyoosha mikono yote miwili kwake ili anipe. Akaitazama mikono yangu.

"Hapa ni kwa mwenye duka," akasema. "Mimi sigawi kahawa hapa. Chukua mezani."

Nikachukua mezani. Wote tulichukua mezani, siku zote za darasa lile.

Alifundisha vitenzi kabla ya kitu kingine chochote. Alisema lugha ni watu wanafanya nini, mengine ni mapambo. Na vitenzi vya Kihispania alivigawa kama tunavyogawana sisi, kwa koo. Ukoo wa kwanza ni wa -ar, kama hablar, kusema. Wa pili ni wa -er, kama comer, kula. Wa tatu ni wa -ir, kama vivir, kuishi. Kila kitenzi, alisema, ukimkuta njiani, mwangalie mkiani umjue ni wa nani, kisha utajua anakula nini na muziro wake ni nini. Muziro ni mwiko wa ukoo, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Muziro wa -ar ni kuchukua e pale penye a. Ukisema hablemos ukitaka kusema tunasema tu, bila kuhimiza wala kuomba, umemlisha mtu mwiko wake. Aliyekosea alisimamishwa, na darasa zima likamwambia, "Umekula muziro!" Tulicheka sana, lakini hatukusahau.

Ajabu yao, alisema, ni kwamba kila mmoja akisema "mimi" wote wanafanana. Hablo, como, vivo. Huwezi kumjua nani ni wa wapi. Wakianza kusema "sisi," ndipo kila ukoo unatoa sauti yake: hablamos, comemos, vivimos. Wa pili na wa tatu aliwaita punje mbili za kahawa katika ganda moja, kwa sababu wanakwenda pamoja karibu kila mahali. Wanakula chungu kimoja hata wakati uliopita. Ila kwenye "sisi" wanaachana, kama ndugu waliogombana mpaka wa shamba.

Kijana mmoja wa darasa letu, aliyekuwa na mdomo, akamwuliza, "Mwalimu, na neno jipya likizaliwa linakwenda ukoo gani? Mashine zinatengenezwa kila siku."

Akafurahi. Nilimwona akifurahi kwa uso wote mara chache sana, na hiyo ilikuwa mojawapo.

"Linakwenda -ar," akasema. "Karibu siku zote. Hao wengine wawili wamefunga mlango zamani. Ukizaliwa leo, ukiwa mgeni, ukiwa huna baba, nenda kwa -ar. Watakupa mkia wao na utakula nao."

Alikuwa na mambo yanayopingana, na mimi sikuwahi kuyapatanisha. Aliwacheka wazee wa ukoo wake kwa kulinda mipaka kama vile ardhi ingewakimbia, lakini mnyama ambaye ukoo wake haumli hakumgusa hata alipopewa kwa siri huko Hamugembe ambako hakuna ambaye angemwona. Wakati wa senene, panzi wetu wa msimu wa mvua, alizila hadharani, ingawa mila ilisema mwanamke azikamate na kuzikaanga, kisha amwachie mume. "Mimi mume wangu yuko wapi nimwachie?" alisema, akizitafuna sokoni mbele ya watu. Alitoka utawani lakini kila Ijumaa alifunga. Alikuwa mkali kwa mvivu, na alimvumilia mjinga miaka. Maneno ya siasa alikuwa hayapendi, akisema wanasiasa hutumia "sisi" vibaya. Kisha ukaja ujamaa, na yeye akawa wa kwanza kujiandikisha.

Hapo ndipo Muleba nzima ilipomshangaa. Serikali ilikuwa inafungua kijiji cha ujamaa kwenye rweya. Rweya ni nyika yetu, ardhi nyekundu yenye majani makavu na mawe, mahali pa kulishia ng'ombe na kukata nyasi. Mgomba ukiupanda rweya bila samadi unasimama kidogo, unakuwa wa njano, unakufa. Watu waliotakiwa kwenda walilia kama wanaofukuzwa duniani, na sikuwalaumu, maana waliacha makaburi nyuma. Mwalimu alifunga vitu vyake kwenye shuka akaenda kwa miguu. Kwa sababu pale kijijini kila aliyeandikishwa alipewa kiwanja cha nyumba na ardhi ya kuizunguka, na hakuna aliyeuliza kama ni mwanamume au mwanamke.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kuba nikijifunza kufunga vidonda, na huko walitucheka. Tulisema habláis na coméis kama alivyotufundisha, kumbe pale hakuna aliyesema hivyo. Mwalimu wa wodi aliniuliza kama nimefundishwa na padri. Nikajibu kwamba nimefundishwa na mwanamke aliyekuwa akimlisha sista uji. Hakucheka tena.

Niliporudi na kupangiwa kazi hospitalini Bukoba, nilikwenda kumtembelea. Nilitegemea kuona kibanda kwenye majani makavu. Kibanda kilikuwepo, lakini kimezungukwa na kijani. Miaka yote ile alikuwa amebeba samadi kichwani kutoka kwa wafuga ng'ombe, akakata nyasi na kuzitandaza chini, akamwaga maganda, majivu, kila kilichooza. Migomba ilikuwa michache na mifupi, ila ilikuwa hai, na chini yake kahawa changa. Alisaidiwa na mama mmoja jirani aliyekuja zamani kutoka ng'ambo ya mpaka kutafuta vibarua vya kahawa, akabaki, hana ukoo Kagera yote. Walilima pamoja na kula pamoja. Ndugu wa Mwalimu walisema ameokota mtu.

Tuliongea Kihispania siku hiyo, yeye akisita mwanzoni, kisha akakolea. Akanikatiza.

"Herufi s zenu mmezila zote huko?"

Nikamwambia watu wa Kuba ndivyo wanavyosema, wanazimeza. Akatikisa kichwa akasema nchi yenye sukari yote ile haikuwa na haja ya kula herufi. Nilikwenda kwake mara nyingi baada ya hapo. Nilimkuta akizidi kuchoka, na migomba ikizidi kunenepa.

Kile kijiji cha ujamaa hakikudumu. Mtu mmoja mmoja alirudi kwenye kibanja cha ukoo wake, kwanza kwa kisingizio cha ugonjwa, baadaye bila kisingizio. Nyumba zao zikaanguka, majani yakazifunika. Walibaki wachache, Mwalimu na yule mama wakiwemo. Sasa ukiwa barabarani ungeona nyika yote kavu, na katikati doa moja la kijani. Watu walianza kulionyesha kwa kidole. Na kwa kuwa lilionekana, lilitamaniwa.

Mara ya mwisho nilikwenda baada ya kusikia kwamba miguu yake imevimba. Nilimpima, na sikupenda nilichosikia kifuani mwake. Yeye hakuuliza. Alinishika mkono akanitembeza polepole hadi nyuma ya nyumba, penye mgomba mkubwa kuliko yote, akaniambia pale ndipo atakapolala. Alikuwa amekwisha kupanda mulamula pande zote nne, mmea tunaoutumia kuweka mipaka.

"Shamba lisilo na kaburi ni bustani tu," alisema. "Mimi nitakipa kibanja hiki kaburi. Halafu yule mama atakaa, na watoto wake. Ukoo wangu ni wa -ar, si unajua?"

Nilijua. Nilimshika kiwiko tukarudi ndani.

Tulikuwa bado hatujakaa vizuri ndani waliposimama mlangoni watu watatu. Mbele alikuwa mtoto wa kaka yake, mrithi wa kibanja cha Muleba, mtu mzima mwenye kofia na sauti ya kuamuru. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo. Mmoja alikuwa mkongwe sana, akishikilia fimbo. Walikaribia wakaketi kabla ya kuambiwa. Yule mama jirani alikuwa anamenya ndizi kando ya jiko.

"Shangazi," mpwa akasema, "tumekuja kukuchukua."

"Kunipeleka wapi, mwanangu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ndipo hapa uliponikuta."

"Shangazi, usituaibishe, waitu. Watu wanasema ukoo umemtupa mtoto wake rweya. Mahali pako tumeshapasafisha. Utapumzika karibu na baba."

"Karibu kiasi gani?"

Mpwa akakohoa. "Kule chini. Kwenye mpaka, jirani na zizi."

"Na hapa?"

"Hapa ukoo utapasimamia. Umefanya kazi kubwa, tunashukuru. Hatuwezi kuiacha ipotee."

"Na huyu?" Mwalimu hakumwonyesha kwa kidole yule mama, alimgeukia tu.

"Huyu ana kwao."

Mama wa watu akaweka kisu chini. Mimi nilitaka kusema mengi, na nina mdomo, lakini yale hayakuwa mambo ya muuguzi. Ilikuwa wazi kwamba Mwalimu akiinuka kwenda nao ameondoka mazima, na kwamba kila alichobeba kichwani kwa miaka yote ile kitakuwa cha mtu aliyemtengea mahali kwenye mpaka. Pia ilikuwa wazi kwamba hana nguvu za kubishana.

Hakubishana. Alisimama kwa kushikilia ukuta. Nilipotaka kumsaidia akanisukuma kidogo kwa kiwiko. Akaenda kwenye rafu, akashusha kikapu kidogo nilichokuwa sijakiona siku zote nilizomtembelea, maana miche yake ilikuwa ndiyo kwanza imezaa. Akaja nacho mbele ya mzee mkongwe, akapiga goti kwa miguu ile iliyovimba, akakitoa kwa mikono miwili.

"Karibuni kwangu," alisema. "Ni ya shambani kwangu. Ni ya kwanza."

Yule mzee alikitazama kikapu kwa muda mrefu. Alielewa. Nilimwona akielewa, na nilimwona akiwaza. Kisha akaweka fimbo chini, akapokea kwa mikono miwili.

"Wakola, waitu," akamshukuru kwa heshima, na akaanza kutafuna kwa fizi.

Mzee wa pili akapokea. Kikapu kikafika kwa mpwa. Aliunyoosha mkono kama anavyounyoosha mtu yeyote wa kwetu, bila kufikiri, kisha akausimamisha hewani. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka. Lakini shangazi yake mgonjwa alikuwa amepiga goti mbele yake, na wazee wawili wanamtazama huku wakitafuna. Kukataa kahawa mbele ya wale ingekuwa habari ya kumfuata mpaka kaburini. Akachukua punje, akatia kinywani.

Mzee mkongwe akasubiri mpaka ameisaga.

"Basi," akasema. "Tumekaribishwa, tumepokea. Mgeni hamhamishi mwenye nyumba."

"Mzee, mimi nimepokea kwa heshima tu."

"Ndiyo. Na umekwisha kuimeza."

Mpwa akavua kofia, akaishika magotini, na hakusema tena habari ya zizi. Baadaye waliongea mambo ya mvua. Mwalimu alizikwa palepale nyuma ya nyumba, na huyo mpwa akashika jembe pamoja na wengine, hilo nalishuhudia kwa haki. Yule mama na watoto wake wapo kwenye kibanja kile hadi leo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, wazee walipokuwa wakiongea mvua, Mwalimu alimpelekea kahawa yule mama, kisha akaja nilipokuwa nimeketi. Kwa mazoea yangu ya Miembeni niliangalia pembeni kutafuta meza ambapo angekiweka kikapu. Hakukiweka. Alichukua punje mwenyewe, akanifungua kiganja kwa kidole gumba, kama tunavyomfungua mtoto mkono, akaziweka ndani.

"Toma," akasema.

Nikapokea.